Okidi Isiyo na Mwaka Jana

Uliona. Usiseme hukuona. Picha ilipita mbele ya macho yako asubuhi moja ukipuliza chai: mlima wa Nyandembwe umepasuka ubavu, bwawa la tope la mgodi limekatika na kushuka lote, na pembeni wanawake wa kijiji cha Ilevelo wamesimama wamejitanda vitenge juu ya masweta, hawalii, wanatazama tu. Ukasema, masikini. Ukasogeza kidole ukaenda kutazama harusi ya mtu usiyemjua. Kampuni ikatoa taarifa kwamba king'ora kililia na wafanyakazi wakakaidi kutoka, nawe ukaimeza hivyohivyo kwa kuwa ilikuwa fupi. Mtu mmoja aliyenusurika alisema geti la zamu lilikuwa limefungwa kwa nje. Alisema mara moja, kwenye redio ya wilaya, na hakuitwa tena. Hukuuliza kwa nini.

Basi yasikilize yaliyofuata, maana yalifuata wakati umegeuza uso.

Tulinagwe Sanga alirudi Ilevelo msimu wa ukungu. Gari lisilo na dereva lilimfikisha penye daraja la mianzi, likajizima, likasema kwa sauti ya upole kwamba mbele hakuonekani na lingependa kumrudisha mjini. Alishuka, akalipiga teke la mlango, akapanda kwa miguu. Alikuwa mzaliwa wa hapo, mtaalamu wa okidi, na alikuwa ametumwa na Baraza la Viumbe kufanya kazi moja: kutazama okidi iliyoota juu ya poromoko na kusema ni ipi.

Neno lake lilikuwa na uzito kuliko inavyosikika. Kwa sheria ya siku hizo, kiumbe kipya kikitambuliwa mahali, ardhi ile inafungwa. Haijengwi, haichimbwi, haiguswi hata kwa jembe la mkono, milele. Wazee wetu walipiga makofi sheria ile ilipopita. Walidhani itawazuia wenye mitambo. Sasa Kampuni ndiyo iliyokuwa imepeleka ombi Barazani kwamba poromoko la Nyandembwe lifungwe, kwa kuwa limejaa okidi ambayo haijawahi kuonekana popote duniani. Kampuni iliyomwaga tope lile ilikuwa imeingiwa ghafla na huruma ya maua. Na chini ya maua walikuwa watu, hawajafukuliwa, na chini ya watu, kama yule aliyenusurika alisema kweli, lilikuwa geti na kufuli lake.

Katika watu wale alikuwemo Ezekia, mdogo wake Tulinagwe, aliyezaliwa baada yake tumbo moja.

Kijijini hakukuta mtu. Milango ilikuwa wazi. Viazi vilikuwa vimeachwa shambani mpaka vikaota upya juu ya matuta. Jikoni kwa mama yake jivu lilikuwa baridi na sufuria ya ugali imefanya ukoga wa kijani, na kuku alikuwa ametagia ndani ya kikapu cha nguo. Hakuna kilichoibwa, hakuna kilichovunjwa. Ilikuwa kama watu wameitwa nje kidogo kutazama kitu, na kitu kile hakijaisha.

Aliwakuta kwenye poromoko.

Wa kwanza alikuwa Mama Tweve, mjane, aliyepoteza mwanawe wa pekee kwenye zamu ile. Alikuwa akitambaa kwa magoti kati ya maua, ananusa moja, anasogea, ananusa jingine, kama mtu aliyedondosha sindano. Tulinagwe alimwamkia, kamwene, naye akaitika kwa adabu zote, akamwuliza habari za mjini, akamwuliza kama amekuja na maua mengine. Alisema lake limekwisha. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Wengine walikuwa wameketi, kila mmoja peke yake, kila mmoja ameinamia shina lake. Walikuwa wembamba. Nyuso zao zilikuwa zimetulia kwa namna ambayo Tulinagwe hakuwahi kuiona Ilevelo, kijiji cha watu wabishi, waliowahi kumfungia mkuu wa wilaya ndani ya ghala la pareto mpaka ajibu swali. Hapakuwa na maongezi. Palisikika pumzi tu, zikivutwa polepole, zikishikiliwa.

Mama yake, Bi Yudita, alikuwa karibu na mabaki ya kibanda cha pampu, pale lilipokuwa geti la zamu. Hakushtuka kumwona. Alimshika mkono, akamvuta chini, akasema, "Mwamkie mdogo wako."

Tulinagwe aliinama kama anavyoinama kazini, kutazama. Harufu ikamwingia.

Kwanza ilikuwa sabuni ya kipande. Halafu mafuta ya taa, halafu lile sweta la sufi ya kondoo, limeloa mvua, limeanikwa juu ya moshi. Na chini ya hayo yote, shingo ya mtoto aliyelala, shingo aliyoibeba mgongoni kwake akiwa msichana mdogo, akipanda nayo vilima kwenda kuchimba viazi vya okidi. Machozi yalimtoka kabla hajajua analia nini. Aligeuka nyuma, akiwa na hakika kabisa kwamba Ezekia amesimama pale anacheka. Palikuwa na ukungu.

Mama yake alimsogelea sikioni. "Nimesikia umekuja kusema ni ua gani," alisema. "Mwanangu, sema ni jipya. Usituondolee."

*

Okidi za nyanda za juu ni jamaa wanaofanana mpaka wanaudhi. Tulinagwe alianza kazi mbali na mama yake, pembeni, ameziba pua kwa barakoa, na alianza kwa wale wanaojulikana.

Wako watatu. Wa kwanza ni okidi ya ukungu: shina moja nene, suke la maua meupe yenye wekundu wa mbali, na kila ua lina kofia, na nyuma ya kofia inaning'inia mikia miwili yenye asali, mirefu kupita kikonyo cha ua. Dada yake ni okidi ya bwawani, umbo lilelile, ila mikia yake ni mifupi, haifiki popote, na majani yanapanda shina mpaka shingoni. Wa tatu ni okidi ya mawe. Huyo ana majani mawili tu, mapana, yamelala chini kama sahani mbili zilizosahauliwa. Ukijua mikia na majani, hukosei. Mtoto wa Ilevelo alijua kabla ya kujua kusoma.

Ua la poromokoni lilikuwa na mikia mirefu ya wa kwanza. Lilikuwa na majani ya kupanda shina kama wa pili, na chini majani mawili ya kulala kama wa tatu. Halikukosea popote. Ndilo lililomsumbua. Okidi za porini huwa na kasoro: mkia mmoja umejikunja, jani limeliwa na konokono, ua la chini limechelewa. Hizi zilikuwa sawasawa, zimeinamisha vichwa upande mmoja, kuelekea pale watu walipoketi. Alipohama upande wa pili wa mteremko na kurudi, alikuta za karibu yake zimegeuka. Hakuziona zikigeuka. Wala nyuki hakuwapo hata mmoja.

Alitoa kisomanasaba, kile kifaa cha ukubwa wa kiberiti ambacho kila mtaalamu huvaa kwenye kifundo cha mkono na kinachomjua mvaaji wake kwa damu. Kinachoma jani, kinasoma damu ya mmea, kinaulinganisha na ndugu zake wote walio kwenye hazina ya Baraza. Kilisoma. Kikasema: jamaa wa hawa watatu, si yeyote kati yao, spishi mpya. Kikaomba kidole gumba chake kithibitishe.

Kidole kilikuwa pale pale juu ya kioo. Angekibonyeza, kazi ingeisha, mama yake angebaki na harufu ya mwanawe mpaka afe, na mlima ungefungwa. Kifaa hakikusema uongo. Ua lilikuwa jipya kweli.

*

Osmundi Chaula alimkuta hapo, amebeba chupa ya chai na vikombe viwili. Alikuwa mtaalamu wa kuvu wa Kampuni, na kabla ya hapo alikuwa mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwao. Walichimba okidi pamoja. Alimwita kwa jina la utani la zamani, Tuli Mkia-Mrefu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akihesabu mikia huku wenzake wakichimba. Akamtania kwamba mjini kumemnenepesha. Akamwambia gari lake kule darajani linamlilia.

Tulinagwe alimwuliza waziwazi kama ni yeye aliyeitengeneza.

Osmundi alimimina chai kwanza. Alieleza, bila kukiri na bila kukana, kwamba okidi tangu zamani ni matapeli. Ziko zinazonukia kama nyigu jike ili nyigu dume aje, ahangaike, abebe chavua bure. Mtu akijiuliza je, ua linaweza kunukia kama binadamu, hilo ni swali la kitaalamu tu. Alisema mbegu ya okidi ni vumbi, haina akiba, haiwezi kuota mpaka kuvu la udongoni liilishe, na kila kinacholiwa na kuvu, ua linakijua. Kisha akaweka kikombe chini.

"Watazame," alisema. "Walikuwa hawalali, Tuli. Mama Tweve alikuwa akijipiga kichwa kwenye nguzo. Mimi nimewapa usingizi. Wewe umewaletea nini? Kesi?"

 Ukweli ni kwamba kesi dhidi ya Kampuni ilikuwa imekufa. Siku ya kusikilizwa, wafiwa walitakiwa kufika na kudai poromoko lifukuliwe, na hakufika hata mmoja. Walikuwa hapa, wananusa.

Osmundi aliona amekaribia kushinda, akasema neno moja zaidi, lile ambalo angelinyamazia angebaki salama. "Na hata ukikataa, haitasaidia. Hakuna mtu wa Ilevelo atakayetia jembe juu ya watu wake. Unajua hivyo kuliko mimi."

Akaondoka na chupa yake, akipiga mluzi.

Tulinagwe alijua, ndiyo. Ilevelo, ardhi ikimla mtu, haichimbwi tena kwa chakula wala kwa kitu kingine, mpaka mama wa marehemu alete jembe kwa mkono wake mwenyewe. Asipoleta, basi. Kwa hiyo tangu siku ya tope, kijiji kizima cha wachimbaji, watu wanaokula kiazi cha okidi kwa karanga na kukiuza hadi ng'ambo ya mpaka, hawakuwa wamechimba hata mmea mmoja pale. Walitazama maua tu, walinusa. Na wao, watu wa Ilevelo, hawakuwahi kuitambua okidi kwa ua. Ua ni la wageni. Wao huitambua kwa chini.

Chini ya kila okidi ya mlima mna viazi viwili. Kimoja kimenyauka, kimekunjamana. Wanakiita bibi, maana ndicho kilicholilisha ua la mwaka huu kwa akiba ya mwaka jana. Cha pili ni kigumu, kimejaa, ni mjukuu, kinaweka akiba ya mwakani. Mmea ambao bibi yake hajanyauka haung'olewi, bado ana kazi. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wote wawili, Tulinagwe na Osmundi, na mama mmoja, Bi Yudita, siku moja, kwenye kilima kimoja. Osmundi hakuwa amesahau. Alikuwa amepanda pale ambapo heshima ya watu wake ingemlinda.

 Tulinagwe alijiambia kwamba vidole si jembe. Akapiga magoti karibu na shina lililokuwa hatua chache nyuma ya mama yake, akaingiza mkono udongoni.

Palikuwa na kiazi kimoja. Laini, cheupe, bila kunyanzi. Alizungusha kidole pande zote akitafuta cha pili, hata ngozi yake iliyobaki, hata kovu. Hapakuwa na kitu. Mmea ule haukuwa na bibi. Haukuwa na mwaka jana. Ulikuwa umewekwa hapo umekwisha kukua, na haukuwahi kujilisha.

Basi ulilishwa na nini?

Kwenye kitako cha kiazi zilianzia nyuzi za kuvu, nyeupe, nyembamba kama nywele za mzee, zimesukwa pamoja kama kamba, na kamba ilikuwa inashuka moja kwa moja chini. Alipoivuta, ilikaza. Ilikuwa na joto. Alikata kipande, akakiweka kwenye kisomanasaba, akasubiri kimwambie ni kuvu la aina gani.

Kifaa kilichelewa kuliko kawaida. Kisha kikasoma kwa sauti yake ileile tulivu: *Kuvu, na ndani yake, binadamu. Mwanamume. Ndugu wa tumbo moja na msomaji.*

Alikaa vile, magoti kwenye matope, kamba ile mkononi. Alimtazama Mama Tweve kule juu akitambaa kutoka shina hadi shina, na sasa alielewa ni kitu gani kilichokuwa kimekwisha.

*

Alimwendea mama yake. Njiani alitafuta namna laini ya kusema, na hakuipata, kwa sababu haipo. Alimwambia yote: kiazi kimoja, kamba, joto, alichosema mtambo. Bi Yudita alisikiliza bila kuinua uso kutoka kwenye ua.

"Kwa hiyo ni yeye," alisema.

"Ni yeye, mama. Anaisha."

Alimweleza kwamba kila pumzi anayoivuta ni kipande cha Ezekia kilichopandishwa na ule uzi. Kwamba siku ua likinyamaza, kule chini hapatakuwa na mfupa wala ukucha, wala wa kuhesabu, wala wa kumwonyesha hakimu mtu huyu alikuwa upande gani wa geti. Kwamba Kampuni haikutaka mlima ufungwe kwa ajili ya maua. Ilitaka muda, na wao walikuwa wakiipa muda ule kwa pua zao.

Bi Yudita aliuliza kimebaki kiasi gani. Tulinagwe alisema hajui. Akauliza kama wakichimba harufu itakoma. Alisema itakoma.

Usifikiri ilikuwa rahisi. Wewe uliyempoteza mtu, ungeulizwa swali lile ungejibu nini? Ungepewa shingo ya mwanao unuse, halafu uambiwe uachie kwa ajili ya kufuli?  Ukungu ulishuka ukawafunika wote wawili, na ndani ya ukungu maua yote ya mteremko yalikuwa yameelekeza vichwa kwa Bi Yudita, na harufu ikazidi, ikawa nzito, ikakaribia kuwa sauti. Tulinagwe alimwona akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto aache kulia.

Kisha Bi Yudita alishika pindo la kitenge chake, akajifunga puani, akakaza fundo nyuma ya kichwa. Akainuka.  Akateremka kijijini peke yake, na aliporudi alikuwa na jembe.

Osmundi alikuwa amekuja mbio, amesimama juu ya shina la Ezekia, mikono imetanuliwa, akisema juu ya Baraza, juu ya kibali, juu ya usalama wa mteremko. Mama yule hakupaza sauti.

"Osmundi," alisema, "nilikubeba kwa mgongo huu. Toka juu ya mwanangu."

Alitoka. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukungu ukammeza, na baadaye kidogo wakamsikia akiongea na mtu kwenye simu, haraka haraka.

Bi Yudita alimkabidhi binti yake jembe kwa mikono miwili. Kabla hajalishika, Tulinagwe aliinua kifundo cha mkono akasema mbele ya kifaa, kwa sauti ya kusikika Barazani: "Hii si spishi. Imetengenezwa. Imepandwa juu ya watu ili iwale. Nathibitisha." Akabonyeza.

Halafu akachimba.

Wapo waliokuja. Mama Tweve alikuja wa kwanza, kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza, akachimba kwa sufuria. Wapo waliokataa, wakajilaza juu ya maua yao, na mmoja akamng'ata mtu mkono. Wakawaacha, wakachimba kuwazunguka. Kila shina lililong'oka lilitoa harufu yake yote kwa mara ya mwisho, ya mtu mzima mzima, na yule aliyekuwa akichimba alilazimika kusimama, ajishike kiuno, apumue kwa mdomo, kisha aendelee. Mchana wa siku ile Ilevelo ililia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tope. Ukali wao ulirudi pamoja na kilio.

Wamefika kiunoni. Chuma bado hakijagonga chuma. Magari ya Kampuni yameshavuka daraja, na pingamizi limeshafika Barazani, na kuvu halisubiri hukumu, linakula huku unasoma. Mikono ni michache na wengi wao ni wazee.

Sasa hutasema hukuambiwa. Unajua geti liko wapi: chini ya kibanda cha pampu, upande wa mlimani. Unajua ni Kampuni iliyoketi juu yake na kwa nini inataka uendelee kunyamaza. Usiwatumie pole. Pole walishapewa, na hawakuweza kuchimbia. Inuka hapo ulipo, mwite jirani yako, funga pua, beba jembe. Ukungu ukikupoteza njia, simama usikilize, utawasikia wakichimba. Njoo leo. Kesho patakuwa na maua tu.